Akili za Swichi ya Ghorofa ya Nne Zirudishwe

Ndugu Mkurugenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na kiyoyozi chako. Mimi ndiye fundi wa mtandao, yule wa chumba cha chini karibu na choo cha wageni. Naandika kwa heshima zote kuupinga mtandao mpya tuliofungiwa, na sababu zangu ni za kitaalamu tupu. Ukisikia vinginevyo kwa karani wa mapokezi, usimsikilize. Mdomo wake hauna breki.

1. Nianze na maelezo, maana siku ya uzinduzi nilikuona ukisinzia. Swichi ni kile kisanduku cha ukutani chenye vitaa, kinachopitisha habari kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Zamani kila swichi ilikuwa na akili yake na iliamua yenyewe habari ipite wapi. Ukitaka ibadili njia, unaipandia hukohuko iliko, unaielekeza, kisha unapandia nyingine na kurudia yaleyale. Sasa akili zote zimenyofolewa na kutiwa kwenye programu moja iliyo mezani kwangu. Swichi zimebaki kubeba tu. Naandika mstari mmoja huku chini, jengo zima linatii. Huu ni udikteta, na mimi sikuomba kuwa dikteta.

2. Nimeota kitambi. Ngazi sizioni tena.

3. Swichi ya ghorofa ya nne ilikuwa imenizoea. Ilikuwa na maringo, na kwa bahati tu iko nyuma ya meza ya mhasibu. Ilitaka kuangaliwa asubuhi, na tena baada ya chakula cha mchana, na siku ambazo mhasibu amevaa lile gauni la kijani ilisumbua kupita kiasi. Vitabu vya fani yetu havijalieleza jambo hili.

4. Mhasibu mwenyewe ameathirika. Zamani alipopata tatizo alinipigia simu, nami nikafika mbio, tukangoja pamoja swichi iwake upya. Katika kungoja huko nilishajua kwamba hana mchumba na kwamba vichekesho vyangu anavivumilia. Nilikuwa karibu kabisa kumweleza la moyoni, mkafunga mfumo mpya. Siku hizi tatizo linaisha kabla hajamaliza kulitaja. Anasema asante, anakata simu. Kwa kasi hiyo, mwanamume wa umri wangu ataoa lini? Naumia, Ndugu Mkurugenzi.

5. Kwa hiyo naomba akili za swichi zirudishwe, walau za ghorofa ya nne. Ikishindikana, itolewe swichi, niwekwe mimi. Nitasimama ukutani pale nyuma ya meza ya mhasibu na kupitisha habari kwa mkono. Vitaa si lazima.

Nisalimie mkeo, wanao, dereva wako na wote wa ghorofa ya nne bila ubaguzi. Mhasibu msalimie polepole.

Mtiifu wako, ingawa kwa shingo upande,
Fundi wa Mtandao

N.B. Barua hii ichane. Nilipokuwa natafuta bahasha, nimekosea mstari mmoja kwenye ile programu na ghorofa yote ya nne imezimika kwa mpigo nami niko hukuhuku chini, jambo ambalo mtandao wa zamani usingeliweza. Simu za mezani nazo hupita humohumo, kwa hiyo mhasibu ameshuka mwenyewe. Nimempa kiti na kumwambia tatizo ni kubwa. Mfumo ubaki, ni mzuri mno. Ghorofa ya nne ivumilie hadi jioni. Ndiyo kwanza tumeanza kuzungumzia wazazi wake.