Ndala za Foleni ya Macho

Kabla mlango wa kliniki ya macho haujafunguliwa, Asali alikuwa ameshapanga ndala kuukuu kwenye benchi zima, zote za mguu wa kushoto. Desturi ya pale ilikuwa moja: ndala yako ikikaa, umekaa. Wengine waliona ndala. Yeye aliona duka.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo mwenye vidole vilivyovimba.

"Shikamoo, mama. Ndala ya mbele ni ya bibi yangu, ila kwa heshima yako atasubiri."

"Marahaba. Bibi yako ana mguu mmoja?"

"Anabana matumizi."

Mama akacheka, akamlipa mwavuli wake mpya, akakaa. Kisha akamkazia macho. "Miwani ya jua, na jua lenyewe halijachomoza?"

"Mwanga unanichoma tangu juzi. Vumbi tu."

"Hebu vua." Jicho moja lilikuwa jekundu kuzunguka mboni. "Na mgongo je? Mbona umeushika?"

"Nikiamka unakuwa ubao, nikitembea unalainika. Godoro hilo."

"Godoro haliingii machoni, baba. Ugonjwa wangu wa viungo ulianzia vidoleni, ukapanda jichoni. Dada yangu naye alisema vumbi. Leo anawatambua wanawe kwa sauti."

Asali, mtu aliyewahi kumuuzia polisi pingu zake mwenyewe, akageukia ndala ya mbele. "Mama, nirudishie nafasi ya mbele."

"Ya bibi yako?"

"Bibi amekufa!"

"Pole sana. Basi nipe mwavuli wangu, koti lako na hizo ndala zote."

Akatoa bila kubisha. Mlango ukafunguliwa, nesi akamwona.

"Jicho jekundu, linauma, linaogopa mwanga? Wewe hupangi foleni. Pita!"

"Lakini nimenunua..."

"Umenunua nini? Muulize fundi, sheria hii anaijua, yeye ni mgonjwa wetu wa siku nyingi."

Daktari alimulika, akaguna. Uvimbe ulikuwa ndani ya jicho, na chanzo chake ni kilekile kinachokaza mgongo. Angechelewa, jicho lingekwenda. Akampa matone, akamwandikia pia barua ya kwenda kwa daktari wa viungo.

Asali akatoka, mboni imepanuliwa na dawa, jua la mlangoni likampiga kofi. Kwenye benchi fundi, koti la Asali mabegani, alikuwa anamuuzia mzee mmoja ndala.

"Mama, jicho limesalimika. Naomba mwavuli tu nifike nyumbani."

"Afadhali, mwanangu!" Furaha yake ilikuwa ya kweli. Akautazama mwavuli, akalitazama jua, akateremsha macho taratibu hadi chini.

"Hivyo viatu ulivyovaa, ni vya miguu yote miwili?"