Mjomba, Minyoo na Chumba Kidogo

Jumatatu, 4 Agosti

Shangazi kaingia! Na sanduku lenye magurudumu. Sijalipenda sanduku hilo. Mtu wa kupita hubeba mkoba. Mwenye sanduku la magurudumu anahamia.

Niandike mambo yalivyo, ili siku nikiwa na nyumba yangu nisome nicheke. Mimi ni fundi wa kuandika mabango. Kazi imekauka kidogo tangu daktari wa meno aliponikabidhi mlango wake, nami nikamwandikia, kwa herufi nyekundu za kupendeza, KLINIKI YA MANENO. Tangu hapo nalala kwenye kochi la Dada. Kochi fupi, mimi mrefu. Miguu yangu inalala juu ya kiti cha mezani, mbali na mimi, kama majirani. Lakini nyuma ya jiko kuna stoo. Chumba kidogo, kina dirisha. Dada ameanza kukisafisha. Anamsafishia nani? Nilijua ni mimi. Mpaka lilipoingia sanduku lile.

Shangazi ni dada mkubwa wa Shemeji, mume wa Dada. Anatunza maktaba ya shule. Anaongea polepole na watu wote wananyamaza kumsikiliza. Ajabu kabisa. Mapacha wa Dada, Kurwa na Doto, wasichana wa miaka mitano, walimrukia kabla hajavua viatu, na kwa sasa atalala chumbani kwao. Mimi mara ya mwisho kunirukia nilikuwa nimelala.

Jioni Dada akasoma karatasi ya chekechea. Hii ni Wiki ya Dunia Safi, masomo yamesimama. Kila familia icheze na watoto michezo ya kutunza mazingira: kuunda kitu kwa takataka, kuotesha mbegu, kuwalisha minyoo maganda ya jikoni, kuokota taka mtaani. Jumamosi watoto wapeleke kazi zao shuleni. Dada akasema yeye na Shemeji wanashinda kazini, kwa hiyo atakayewashughulikia watoto vizuri, basi, "ataonekana." Na aliposema hivyo alitazama upande wa stoo. Nimeona kwa macho yangu haya.

Chumba ni changu. Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena. Nina wazo.

Jumanne, 5 Agosti

Wazo: gari la chupa za plastiki. Kubwa! Mapacha wapande wote wawili.

Tatizo: nyumba hii haina takataka. Nimepekua pipa mpaka chini, nimekuta maganda ya viazi na bahasha. Dada anajaza maji kwenye chupa ileile tangu watoto wazaliwe. Usafi wa mtu mwingine utaniponza mimi.

Ufumbuzi: nimempakia upya rangi mwenye duka bango lake (nimelisoma mara tatu, halina kosa), naye akanipa soda, katoni juu ya katoni. Sasa zinywewe! Nikaita watoto wote wa jengo. Nikapiga makofi kama kocha. Kunyweni, wanangu, tunaiokoa dunia! Kufika mchana hapakuwa na mtoto aliyeweza kutembea bila tumbo lake kulia kama mtungi. Wawili walitapika kwenye ngazi. Mama mmoja wa ghorofa ya juu akashuka kuuliza mwanawe amepewa nini. Nikamweleza kwamba ni mambo ya mazingira. Hakuridhika.

Na Shangazi je? Alichukua maganda ya mayai ya asubuhi, akatia udongo, akatia mbegu za maharage. Watoto wakachora nyuso juu ya maganda. Mche ukiota, huo ndio unywele. Basi! Ni hayo tu! Hakutafuta kitu, hakununua kitu. Na mapacha wamekaa kimya, ncha za ndimi nje, wanachora nyusi. Nikasema kwa sauti kwamba gari langu litakuwa na magurudumu manne. Hakuna aliyegeuka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamka kabla ya jua. Mayai ya Shangazi bado yana upara. Nafasi ndiyo hiyo!

Nikaandaa mayai yangu, nikayachora nyuso, nikachomeka majani ya vitunguu. Nywele ndefu, zimesimama, maridadi. Watoto walipoamka nikawatangazia kwamba maharage ya Mjomba huota usiku mmoja. Doto aliruka kwa furaha. Kurwa hakuruka. Kurwa alivuta unywele mmoja, akaunusa, akaniangalia kwa huruma.

"Mjomba," akasema, "maharage yako yameota kitunguu."

Shangazi hakucheka hata kidogo. Angecheka ningepona. Alisema taratibu kwamba tusivitupe, vitafaa kwenye mboga. Vikafaa. Nimevila mchana, mbele ya watu. Hakuna uchungu kama kula hila yako mwenyewe ikiwa imekaangwa vizuri.

Alasiri, gari. Gundi, chupa, gundi, chupa. Kidole changu kimoja bado kina kifuniko cha soda. Gari likapendeza, likajaza sebule. Nikafungua rangi ya mafuta ya kijani, nikageuka kidogo tu kutafuta brashi nyembamba. Kumbe Doto ameshapata brashi nene. Akamaliza mlango wa gari, akaona rangi imebaki, akaendelea na koti jeupe la Shemeji lililokuwa limeanikwa dirishani.

Shemeji ni mfamasia. Kesho atauza dawa akiwa na samaki wa kijani mgongoni. Nikamwambia ni samaki mzuri, hasa mapezi. Akanitazama. Shemeji ni mpole, na upole wake unachosha kuliko matusi. Nilizunguka sebule mara kadhaa, nikiliparamia gari kila ninapokata kona.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimebadili mbinu. Chumba nisipokipata, basi kisipatikane.

Minyoo! Karatasi ya mwalimu yenyewe imewataja. Nikatoka na mapacha nyuma ya jengo, kwenye udongo wenye unyevu, tukachimba kwa vijiko. Hawajawahi kunipenda hivi. Kila mnyoo akapewa jina. Kurwa alitumia majina ya wenzake wa darasani. Doto aliwaita wote Mjomba. Sikuuliza kwa nini.

Ndoo mbili za minyoo nikaziweka katikati ya stoo. Juu yake maganda, majani yaliyooza na, kwa mkono wangu wa ukarimu, vichwa vya samaki. Nikafunga dirisha. Nikasubiri. Sikuweza kukaa. Nilikwenda kunusa kila baada ya muda mfupi kama mpishi anayeonja mchuzi. Ilipofika jioni harufu ilikuwa na miguu. Ilitembea yenyewe mpaka jikoni.

Hapo nikamwita Shangazi aje akione chumba. Nilitegemea kitambaa puani. Nilitegemea akimbilie sanduku lake.

Akakunja mikono ya gauni! Akapiga magoti! Akasema minyoo hawapatani na samaki, akatoa vichwa vyote kwa mkono mtupu. Akachana bahasha kuukuu, akazilowesha, akawafunika minyoo kama watoto wachanga. Akafungua dirisha. Harufu ikaondoka bila kuaga. Kumbe amefuga minyoo miaka na miaka kwenye bustani ya shule yao! Halafu, mbele ya Dada na Shemeji, akasema wazo hili la Mjomba ndilo bora kuliko yote ya wiki hii, na kwamba yeye hakuwa na moyo wa kuanza.

Sijawahi kusifiwa nikaumia namna hii. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia, nikamkuta Shangazi yuko chini, ameshanishikia taa.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo ilikuwa zamu ya kuokota taka mtaani. Tatizo lilelile: mtaa wetu ni safi! Kuna mwanamke tunayemwita Mama Fagio, anaufagia kila siku ya Mungu. Watoto wangeokota nini? Upepo?

Nikatoka mapema na gunia la makatoni ya soda na karatasi za chupa. Nikaanza kuzitawanya. Si ovyo. Kwa ufundi. Mbili kwenye ua, moja kando ya njia, tatu pale kwenye kona ili watoto wapate hamu ya kuendelea. Nilikuwa narudi nyuma kuangalia mandhari nilipogonga kitu. Kilikuwa ni Mama Fagio.

"Baba," akaniuliza, "unapanda au unavuna?"

Akanipa fagio. Nikadhani niokote zangu tu. La! Mtaa mzima, mpaka kwenye kona. Yeye akaketi juu ya ukingo, akanyoosha miguu, akawa ananionyesha kwa kidole sehemu nilizoziruka.

Ndipo mapacha wakatoka na Shangazi, na vikapu vyao. Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini Doto alipiga kelele za furaha, akadai naye apewe fagio. Kurwa akatunga mchezo hapohapo: majani huku, plastiki kule, anayekosea anaruka kama chura. Nikakosea. Nikaruka. Nikakosea tena. Nikaruka nikatumbukia mtaroni mpaka magotini. Watoto walicheka mpaka wakaketi chini. Shangazi aliegemea ukuta. Mama Fagio alifuta machozi kwa kanga yake, akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kupata kibarua mzembe na mchangamfu kiasi hiki.

Njia nzima ya kurudi Doto alishika kidole changu kwa mkono wake mchafu.

"Mjomba, na kesho utakamatwa tena?"

Asubuhi nzima imepotea. Hakuna hata kitu kimoja cha kupeleka shuleni. Limebaki gari. Nalitazama gari, nalizunguka, napuliza vumbi, nalizunguka tena. Dada ameniomba, kwa heshima zote, nikae chini.

Jumamosi, 9 Agosti

Gari halitoki mlangoni!

Nilipima urefu. Nilipima viti vya mapacha. Mlango sikuupima, kwani nani hupima mlango? Tukalilaza, tukaliinua, tukajaribu dirishani. Mwishowe Shemeji akaja na msumeno. Nilimwona akitabasamu alipokata. Basi tumefika shuleni na nusu mbili. Nikaeleza kwamba ni gari la mapacha, kwa hiyo nalo ni pacha.

Mwalimu wa chekechea, mtu wa sauti laini, akastaajabu. Akauliza tumewezaje kukusanya chupa nyingi hivi. Nikasafisha koo. Nilikuwa na hotuba.

Kurwa akaniwahi. Mtoto huyu hajawahi kusema uongo, ni damu ya upande wa baba yake. Akasema Mjomba alileta soda nyingi nyingi, watoto wakanywa wakatapika, ili dunia iwe safi.

Kisha mabega ya wazazi yakaanza kutikisika, safu baada ya safu. Mwalimu akanieleza kwa upole, kama anavyowaeleza wa miaka mitatu, kwamba shabaha ilikuwa kupunguza taka. Nikamwambia kwamba hilo ndilo nililokuwa nalielekea.

Akawageukia mapacha, akawauliza wamependa nini zaidi. Niliangalia mayai ya Shangazi mezani. Mawili yalikuwa yameanza kuinua shingo za kijani. Nikajua nimekwisha. Lakini wote wawili wakajibu kwa pamoja: kufagia na Mjomba! "Na huyu," akaongeza Doto, akatoa mnyoo mfukoni. Mwalimu akarudi nyuma hatua. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Shangazi. Nikajifuta macho. Ni vumbi la ukumbi.

Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikaanza kukunja blanketi langu. Dada akauliza nakwenda wapi. Nikasema stoo. Akasema stoo imeshapata wenyewe: minyoo, mbegu na vikapu vya watoto. Ni chumba chao cha kuchezea, ndiyo maana alikuwa anakisafisha. Je, Shangazi atalala wapi siku zote? Wakatazamana. Kumbe Shangazi anaondoka kesho! Ana nyumba yake na paka wake. Sanduku lilijaa vitabu vya hadithi vya mapacha, analirudisha tupu. Hakuna mtu, hata siku moja, aliyewahi kufikiria kumpa mtu chumba kile.

Nimepigana vita peke yangu wiki nzima. Na nimeshindwa.

Jumapili, 10 Agosti

Shangazi ameondoka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanikabidhi minyoo. Akasema kwake watoto hutulia, kwangu hucheka, na mtoto anahitaji yote mawili. Halafu akaniambia, kwa ile sauti yake ya maktaba: safari nyingine, Mjomba, anza na kile ambacho tayari kipo nyumbani. Maneno ya hekima kabisa. Nimeyaandika hapa nisije nikayasahau.

Lakini mwalimu ametutangazia kwamba muhula ujao ni Wiki ya Maji. Watoto watafundishwa kuzuia maji yasipotee. Sasa nauliza: katika nyumba hii watazuia nini? Shemeji amekaza kila bomba! Hakuna hata tone moja linalopotea! Mtoto atajifunzaje kuziba pasipovuja? Hii ni hali ya kusikitisha, na hakuna anayeiona ila mimi.

Nimeazima spana kwa mwenye duka. Nimelegeza bomba la jikoni, kidogo tu, tone kwa tone, ndoo chini yake, ili mapacha wazoee mapema. Nimerudi kwenye kochi kuandika. Tone lina sauti kubwa kuliko nilivyotegemea. Linakuja haraka haraka. Nadhani sasa si tone tena.

Dada ananiita kutoka jikoni. Kwa jina langu kamili. Sauti yake imelowa.