Homa Niliyoitafuta kwa Kenkey

Jumatatu, 6 Oktoba

Salamu nyingi, Bwana wangu. Natumaini huko juu wote hamjambo, na malaika ni wazima. Mimi Birago wako naendelea hivyo hivyo. Uvimbe mweusi wa saratani kwenye wayo ungalipo, na mwenzake kwenye kinena. Leo Daktari Nhyira ameudunga tena ile dawa ya majaribio. Anasema kesho nikichemka nisiogope, ndiyo dalili kwamba kinga ya mwili imeamka.

Pokuaa, mwenzangu wa kwaya na sasa wa kitanda cha pili, homa anaipata kila mara. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Uvimbe wake umenywea kama zabibu kavu. Mimi hata jasho sitoki. Sauti ya kwanza naongoza mimi, homa anapewa yeye?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepimwa. Baridi kama samaki wa sokoni. Pokuaa kanichungulia, akauliza kwa upole wa kuudhi: hata kijoto kidogo, dada? Labda mwili wako mvivu.

Kisha daktari akasema uvimbe usiposinyaa watanitoa kwenye majaribio, na dawa nyingine ya kunifaa hapa Kumasi hana. Nikaamua homa nitaipata.

Jambo moja la kushukuru: mashavu. Vile vidonge vyeupe vya kunenepesha, nilivyouziwa na mama mmoja pale stendi ya mabasi, nameza kila usiku baada ya sala. Sitaki kanisani waseme ugonjwa umenila. Nimejaa kama bibi arusi.

Jumanne, 14 Oktoba

Jana sindano tena. Leo, kabla nesi hajaja, nimebana kwapani bonge la moto la kenkey, ule ugali wetu wa mahindi machachu, lingali na maganda yake ya mahindi. Msamaha niliomba kwanza. Nesi kaweka kipimajoto, kaenda, karudi, kakisoma, kakaa chini. Nyuzi arobaini na tatu.

Daktari akaja mbio. Akanikuta naulizia pilipili na samaki. Akasema, mama, mtu mwenye joto hili huwa hatumpimi tena, tunamfunika shuka. Hapo kenkey ikaponyoka, ikabingirika mpaka kitandani kwa Pokuaa. Kacheka mpaka akakohoa.

Daktari hakucheka. Akauliza ni nini kingine nakificha. Nikatoa vidonge kwenye mfuko wa Biblia. Akavimwaga kiganjani, akavihesabu kimoja kimoja.

Akasema vinasaba vina chumba chao ndani ya kila chembe ya mwili. Vikionekana nje, uani, walinzi wanajua kuna balaa, kirusi au saratani, na wanapiga kengele. Dawa yake inapiga kengele hiyo hiyo ndani ya uvimbe, ili askari wa mwili waje waushambulie. Na wewe, mama mtu mzima, kila usiku unawapa walinzi dawa ya usingizi. Vidonge hivi ni steroidi: vinajaza uso, vinalaza kinga.

Miezi yote hii, nimewalaza mimi kwa mkono wangu. Nikauliza kama wanaamshika. Akasema huenda, nikiviacha polepole, kwa kipimo atakachonipa yeye. Nimeapa kwa Biblia ile ile.

Jumanne, 28 Oktoba

Homa! Ya kweli, isiyo na maganda. Meno yamegongana mpaka wimbo niliokuwa nauimba umekatika. Pokuaa mwenyewe kanishikia blanketi, akasema karibu, dada, umechelewa. Nimelia. Daktari kapima kinena: uvimbe umepungua. Akanionya kwamba nikimeza chochote kingine cha kunenepesha, sindano zinakoma. Nikaitikia amina.

Jumamosi, 1 Novemba

Tumeruhusiwa nyumbani, mimi na Pokuaa. Kesho sikukuu ya mavuno, na wimbo naongoza mimi. Nimejaribu joho. Linaning'inia kama nguo kwenye msumari. Pokuaa kapita kunijulia hali, kanitazama juu mpaka chini, akasema usijali, dada, nitakuazima mkanda.

Mkanda. Nimeshtuka kuliko siku ya kenkey.

Nimetoka stendi sasa hivi. Yule mama anaapa hiki si kidonge, ni unga, mitishamba mitupu, shavu linajaa kabla ya ibada. Daktari alisema chochote, najua. Lakini sidhani alikuwa akifikiria unga. Kijiko kimoja nimeshakikoroga kwenye uji.

Bwana, kama unga nao unawalaza walinzi, naomba unijibu upesi. Uji unapoa.