Diski Inanenepa, Mimi Nakonda

Jumatatu, 3 Machi
Roho juu tangu asubuhi. Seva ya hospitali, yenye hifadhidata ya wagonjwa wote, huandika kila inachofanya kwenye logi, na logi zimekaribia kuijaza diski. Ikijaa, mapokezi hawatafungua rekodi ya mgonjwa hata mmoja, na mimi, mtunza seva, nitaonyeshwa mlango. Logi zilitakiwa kuzungushwa kila wiki: ya zamani ifungwe na kubanwa, mpya ianze, iliyochakaa ifutwe. Mwezi jana nilimwambia Mama Mkuu, mkurugenzi wa hospitali, kwamba nimeshapanga seva ijifanyie yenyewe. Sikuwa nimegusa kitu. Bwana Waya, fundi wetu wa mtandao, kaniuliza mbona natoka jasho. Nimesingizia chai. Anajipendekeza sana huyu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Nimeifuta logi kubwa kuliko zote. Kwisha habari yake. Nikakunja nne.
Baadaye nikatazama diski. Nafasi haijaongezeka hata chembe! Logi haionekani tena, lakini seva bado imeishikilia na inazidi kuiandika. Nimezika mtu na bado anakula. Seva ikizimwa na kuwashwa itaiachia, ila ruhusa hutoka kwa Mama Mkuu, naye atauliza sababu. Nimekosea hata nenosiri langu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu anasema nimeweweseka usiku kucha. Kanishauri niseme ukweli. Rahisi kusema, yeye hamjui Mama Mkuu.
Asubuhi diski imejaa pomoni. Mapokezi wamekwama, foleni imefika getini, muuguzi mkuu ananitafuta kila chumba. Nilikuwa chooni, nimejifungia, simu nimeizima. Nimeogopa kweli, si mchezo. Kuna watu wagonjwa kwenye ile foleni.
Nilipotoka nikakuta Bwana Waya ameshaomba ruhusa, ameizima seva, ameiwasha, na logi anazipanga zizunguke.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeitwa. Mama Mkuu akasema kazi hanifukuzi, ila nisimwambie tena kwamba jambo limefanyika wakati halijafanyika. Nikaapa, machozi yakanilenga.
Nikiwa mlangoni akaniuliza kama nakala za akiba za hifadhidata zinachukuliwa kila siku. Nikamwambia kila siku, Mama, bila kukosa.
Kesho nitamuuliza Bwana Waya, kijanjajanja, huwa zinachukuliwaje.