Korongo Aliyesafishwa Mguu

Jumatatu, 4 Machi

Ka. Sauti moja tu, kavu, kama njiti ya kiberiti inayovunjika. Nimerudi nayo nyumbani na bado iko sikioni ninapoandika.

Tulikuwa juu ya paa la studio, mimi na mwenzangu ninayemwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Korongo akatokea upande wa tangi la maji, mabawa yamekunjuka, miguu ameinyoosha nyuma. Kamera yangu ililia mfululizo kama cherehani. Taratibu alisubiri. Akabonyeza mara moja. Ka. Kisha akafunika lenzi na kuniuliza kama nimekula.

Ninamchukia kwa utulivu. Si chuki ya kelele.

Jambo lenyewe ni hili. Chama cha wapenda ndege kinataka picha ya ndege angani kwa ajili ya jalada la kalenda yao. Mama Studio, mwenye mali, ametuambia kwamba muda wetu wa majaribio unakwisha, nafasi ya kudumu ni moja, na picha itakayochaguliwa ndiyo itakayoamua. Atakayekosa ataombewa heri. Mimi nikikosa, baba mdogo ana kiti kinachonisubiri kwenye bohari lake la mbao, cha kupokea simu. Nimesoma kote kule ili niseme "subiri kidogo, nakuunganisha"?

Katika picha zangu zote, moja ndiyo kali. Lakini nyuma ya korongo kuna tangi, kamba ya nguo na shuka la mtu lenye maua. Anga lenyewe rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Si kitu. Kompyuta ipo.

Jumanne, 5 Machi

Kutwa nzima nimekata ndege. Yaani kumtenganisha na kilicho nyuma yake, unyoya kwa unyoya, kwa kipanya kinachokwama. Jioni dada yangu, ambaye ni muuguzi na tunaishi chumba kimoja, aliuliza siku yangu ilikuwaje. Nikamwambia nimefika bawa la kushoto. Akasema yeye amezalisha mapacha. Hatukuongea tena mpaka chakula kikaiva.

Katikati ya kazi alikuja mteja wa picha ya pasipoti, amefura. Wiki iliyopita nilimwondolea kovu la shavuni na kumsawazisha mabega. Ofisini wamemkatalia, wamemwambia alete picha yake mwenyewe, si ya mdogo wake. Mama Studio alimwomba radhi, akampiga nyingine bure, kisha akaniita pembeni. Akasema, mwanangu, watu wanakuja hapa na sura zao, tuwaache waondoke nazo.

Niliitikia. Moyoni nilijua kwamba bila kovu lile mwanaume yule anapendeza.

Jumatano, 6 Machi

Korongo amekatika. Sasa anga. Nilipekua picha za zamani za studio nikapata la harusi ya mwaka jana: jua linazama, mawingu rangi ya papai. Nikamweka korongo wangu mbele yake, nikamtazama muda mrefu. Kuna wakati mtu huona kitu alichokitengeneza akahisi kwamba dunia ilichelewa tu kukitengeneza yenyewe.

Taratibu alipita nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Ndugu yangu, jua liko chini pale, lakini korongo anang'aa mgongoni. Huo mwanga wa mgongoni kautoa wapi?"

Nikamwambia huo ni ubunifu. Akasema haya. Mtu anaweza kuzeeka akiwa ndani ya hilo "haya" lake.

Alipoondoka nikamtia korongo giza mgongoni. Akawa kama aliyeungua. Nikaongeza wekundu. Akawa kama aliyepakwa rangi na fundi asiyelipwa. Nikarudi nilikoanzia na kichwa kinauma.

Alhamisi, 7 Machi

Mama Studio ameiona. Aliisogelea, akarudi nyuma.

"Haya mawingu nayajua," akasema.

Ni mawingu ya harusi ya binti wa fundi bomba. Ameyauza yeye mwenyewe, kwenye albamu, na ukoo mzima una picha umesimama chini yake. Mama wa bibi harusi, akaongeza bila haraka, ni mwanachama wa wapenda ndege.

Nimeng'oa mawingu. Nimeweka anga la buluu tupu nililolichanganya mwenyewe, lisilo na ndugu wala jamaa. Kisha nikamaliza kwa usafi. Doa la mdomoni, limeondoka. Unyoya uliovunjika, nimeupandikizia mwingine. Kwenye mguu palikuwa na uchafu fulani wa njano, kama karatasi iliyonata. Futa.

Taratibu amechapisha yake bila kugusa kitu. Tangi lipo. Shuka lipo, na maua yake yote. Nilitaka kumwonea huruma lakini nimechoka.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwa kuwa silali.

Mwenyekiti wa chama amekuja, mwalimu mstaafu mwenye sauti ndogo, pamoja na wenzake wawili. Picha zilikuwa zimebandikwa ukutani. Alisimama mbele ya yangu kwanza. Akasema ni nzuri mno, hajawahi kuona anga safi namna ile. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Kisha akasogea kwenye ya Taratibu. Akabadilisha miwani. Akaweka kidole karibu na shuka, akakipeleka polepole mpaka kwenye mguu wa korongo, akavuta kiti akakaa.

"Ni yeye," akawaambia wenzake. "Jamani, ni yeye. Yuko hai."

Ilibidi atueleze. Korongo huyu walimlea wenyewe tangu akiwa kifaranga mwenye bawa lililovunjika. Walimvisha pete mguuni, wakamwachia, na hawakumwona tena. Pete za njano ni za ndege wao. Nyeupe ni za kituo kingine, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo hata kwa mbali, rangi peke yake inatosha. Mwenzake mmoja alikuwa anafuta macho na pembe ya mtandio.

Halafu mmoja wao akauliza, huyu mwingine ni korongo gani? Taratibu akatazama viatu vyake. Mama Studio ndiye aliyejibu kwamba ni yule yule, dakika ile ile. Mwenyekiti akarudi kwenye picha yangu, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Binti yangu, pete yake iko wapi?"

"Niliisafisha."

Akainua uso kutoka kwenye karatasi.

"Ilikuwa chafu?" akaniuliza. Aliuliza kwa upole, kwa kutaka kujua kweli. Angenitukana ningeshukuru.

Jalada amepata Taratibu. Nafasi pia.

Jumamosi, 9 Machi

Sikutoka kitandani. Nilimweleza dada yote, nikitegemea kufarijiwa. Alisikiliza huku akipiga pasi sare yake. Akasema hospitalini na wao huwavalisha vichanga utepe mkononi ili mama asiondoke na mtoto wa mwenzake, na anamwomba Mungu nisije nikaajiriwa huko kufanya usafi. Kisha akacheka mpaka akaunguza kola, akanilaumu mimi.

Baba mdogo amepiga simu. Habari zimeshafika. Ameuliza kama sauti yangu iko sawa. Nikakohoa.

Jumatatu, 11 Machi

Nilikwenda kuchukua vitu vyangu. Mama Studio akaniambia nikae.

Kumbe Taratibu amenisemea. Amemwambia kwamba yeye kompyuta haiwezi, na akiwa nje na kamera lazima pawe na mtu ndani. Mama Studio amekubali kunijaribu kwa kazi moja: niandae ile picha ya Taratibu kwa ajili ya mchapishaji. Niandike jina la chama juu, mwaka chini, nitume. Basi. Kalenda ikitoka salama, nabaki.

"Korongo usimguse," akasema. "Wala tangi, wala shuka. Ukigusa, mara hii sikuiti pembeni."

Niliapa. Nikaenda kulia kidogo chooni, na machozi yalikuwa ya kweli. Nilijiuliza kwa nini niko hivi. Sikumbuki kitu nilichokitazama nikakiacha kilivyo. Hata uso wangu kwenye kioo huwa naanza kuupunguza na kuuongeza kabla sijanawa.

Taratibu aliniletea chai. Akasema, ndugu yangu, wewe macho unayo, ila huvumilii unachokiona. Nikamshukuru. Ni kweli tupu, na sitamsamehe.

Jumanne, 12 Machi

Nimebadilika. Naandika nikiwa mtulivu.

Jina la chama nimeliandika juu, mwaka chini. Korongo sikumgusa. Unyoya uliovunjika upo, doa la mdomoni lipo. Pete niliikuza ikajaa kioo kizima cha kompyuta, nikaitazama kwa heshima, nikaiacha hapo hapo mguuni. Tangi lipo. Shuka lipo.

Ila picha nzima ilikuwa na umanjano, kama gazeti lililosahauliwa dirishani. Vumbi la siku ile, nadhani. Kalenda hukaa ukutani mwaka mzima, na watu wale wamempenda ndege yule kiasi cha kulia. Kuondoa umanjano si kugusa kitu. Ni sawa na kufuta kioo cha dirisha: mti ulioko nje unabaki pale pale.

Nikaivuta njano ikashuka kidogo. Kisha yote. Kila kitu kikapumua. Anga limetulia, shuka limetakata kama limefuliwa upya, na pete mguuni imekuwa nyeupe pepepe, inaonekana hata ukisimama mlangoni. Mwenyekiti hatahitaji kubadilisha miwani.

Sikumsumbua Mama Studio, alikuwa na wateja. Nimeshaituma kwa mchapishaji, na amenijibu kwamba mashine zimeanza kuzunguka.