Bata Wanaotoka Uani Kwako

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mama watoto. Sisi hatujambo, isipokuwa bwawa.

Ni mimi Mama Profesa, nyumba ya geti la buluu. Profesa ni yule binti yangu aliyekuwa wa kwanza darasani mwaka jana, na mwaka juzi pia, ingawa sipendi kujisifu. Amechimba bwawa dogo uani kwetu, la vyura na kereng'ende, na Ijumaa wakaguzi wa mashindano ya bustani wanakuja kulitazama. Sasa kuna bata. Sisemi ni wako. Nasema wanatoka uani kwako asubuhi, na jioni wanarudi uani kwako.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanakula viluwiluwi. Mwanangu amewalea tangu wakiwa mayai. Bata mmoja akiinamisha kichwa mara moja, ukoo mzima wa chura umekwisha.

2. Wanachafua. Maji yalikuwa safi, unaona hadi changarawe chini. Leo hata wewe ukitumbukia hatutakuona.

3. Wana dharau. Nilisimamisha sanamu yenye koti la mume wangu, wakalala kivulini mwake. Nikamsimamisha mume wangu mwenyewe. Afadhali koti, walau hawakulidonoa.

4. Hili linakuhusu. Vyura wakiisha, mbu watazaliana. Mbu wakizaliana, Profesa hatalala. Asipolala atafeli, na akifeli hatakuwa daktari. Je, uzeeni goti lako hilo atalitibu nani? Kwa hiyo bata hao, ambao sisemi ni wako, wanakutafutia kilema, nawe unawafungulia mlango kila asubuhi.

Naomba wafungiwe mpaka wakaguzi waondoke. Naomba pia mkutano wa mtaa umtafute mtu anayewazoesha, maana bata hawaachi kwao wakaja kwa watu hivi hivi tu. Kuna mkono unaowadekeza, na mwenye mkono huo atajwe hadharani.

Nisalimie watoto, majirani wa upande wako, na hata yule shemeji yako anayepiga honi alfajiri.

Wako mtiifu, mwenye bwawa la matope,
Mama Profesa

N.B. Ukiwafungia, yule wa kijivu anayechechemea niachie, anaatamia nyuma ya pipa langu. Hao wengine usiwape mkate mkavu, hawauli. Mimi huulowesha kwanza, nawamwagia pale pale ukingoni mwa bwawa, ili washibe wasiguse viluwiluwi. Profesa anasema ndiyo maana wanakuja. Mtoto ana akili sana, lakini mambo ya kulisha amwachie mama yake.