Mbuzi wa Viza ya Ubelgiji

Yatangazwa kwa heshima kuu kwa wakazi wa Butembo, Beni na dunia inayobaki: Bwana Éphraïm Kahongya, Mshauri Mkuu wa Viza za Mabara Yote, amefungua bureau, yaani ofisi, mtaani Vulamba, Butembo. Bureau yenyewe ilikuwa meza aliyoazima kwa muuza mikate, na safari ndefu kabisa aliyowahi kufunga ilikuwa ya kutoka kijijini kwao Luofu hadi Beni, juu ya lori la maharagwe.

Lakini ilikuwa miaka ya vita mashariki mwa Kongo. Kila kundi la waasi lilikuwa na serikali yake, kila serikali na muhuri wake, na hakuna ubalozi uliotaka kutambua hata muhuri mmoja. Kila mzazi mwenye uwezo alitaka mtoto wake aende mbali, na Éphraïm alisikia harufu ya mchuzi.

Wa kwanza kukaa mbele ya meza alikuwa Mama Godelive, muuza vitenge, pamoja na binti yake Léa.

"Mama, kuko viza tatu," Éphraïm alianza, akinyoosha tai. "Ya kutembea: unafika, unapiga picha, banakurudisha. Ya masomo: unapata diplôme, banakurudisha na diplôme yako. Ya tatu..." Alishusha sauti kama padri katika kitubio. "Regroupement familial. Mutu anafuata bwana yake. Ile, unakaa kule mupaka kuzeeka."

"Mais Léa hana bwana Ulaya."

"Miye niko na carte ya kukaa Ubelgiji, mama. Nilikuja tu kusalimia wazazi. Tunafunga ndoa ya makaratasi, Léa anapanda ndege, kule kila mutu anashika njia yake. Frais ya dossier, malipo ya makaratasi, ni kidogo: ile pikipiki yako mupya."

Godelive aliitazama pikipiki, kisha akaitazama tai.

"Na ubalozi bakiuliza kama ndoa ni ya kweli?"

"Banauliza sana!" alijibu Éphraïm, maana hata tapeli hupenda kuonekana mtaalamu. "Ndoa ya uongo, banapasua dossier."

"Donc, lete mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mukwe wangu! Wapi uliona mutu wa kabila yetu, Munande, anaoa bila mbuzi? Tutakupiga picha na mbuzi na bajomba yote. Muzungu akiona vile, atanyamaza. Pikipiki utapata sherehe ikiisha."

Mjanja mwenye akili timamu angekimbia hapo hapo. Éphraïm alikwenda Luofu kwa dada yake mkubwa Kavugho, mwanamke ambaye hata wanajeshi walimsalimia kwanza, akaazima kundi lake lote la mbuzi. Ni kwa picha tu, alimwambia. Jambo ambalo, tumtendee haki, lilikaribia kuwa kweli.

Wajomba walikula, wakanywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakabariki. Picha ilipigwa: Éphraïm katikati, mbuzi kila upande, na Léa mwenye uso wa mtu anayezuia kicheko.

Mbuzi walibaki uani kwa Godelive, na Jumatatu Éphraïm alifuata pikipiki.

"Mama, ile frais ya dossier?"

"Dossier ya nani?"

"Ya Léa."

"Na Léa ni bibi ya nani?"

Éphraïm alinyoosha tai tena.

"Ni bibi yako, mukwe. Umeleta mbuzi, tumeitika. Sasa mwanaume anaomba mama-mkwe pikipiki juu ya kubeba bibi yake mwenyewe?"

"Basi ndoa imekufa! Munirudishie mbuzi!"

Kaka yake Godelive, Mzee Ananie, alikuwa ameziba mlango, na alikuwa mpana kuliko mlango wenyewe.

"Mbuzi zinarudi kama bibi amekosa," alisema polepole. "Léa amekosa nini?"

"Hapana kitu."

"Nani amekosa?"

Éphraïm aliangalia dirisha. Lilikuwa na nondo.

"Miye. Sina carte. Ubelgiji sijui hata iko upande gani."

"Tulijua siku ya kwanza," Godelive alisema kwa upole, akikunja kitenge. "Mutu wa Ulaya anavaa tai yenye doa ya yai?"

"Na mbuzi?"

"Zilipanda lori ya Beni asubuhi, basoda ba jeshi bananunua vizuri. Léa alizisindikiza, kisha anaendelea na safari ya Kampala. Shule ya wauguzi ya kule ilishamuitika, ni nauli tu ilikosekana. Aksanti, mukwe."

Éphraïm alitoka, akafika barabarani wakati lori la Luofu linafunga breki. Alishuka Kavugho, na fimbo mkononi.

"Picha imeisha? Mbuzi zangu ziko wapi?"

Mshauri Mkuu wa Viza za Mabara Yote alipiga magoti katika matope.

"Dada, nimeoa."

"Éphraïm! Umeoa?" Uso wa Kavugho ulifunguka kwa furaha, fimbo ikashuka. "Bibi iko wapi?"

"Amesafiri," Éphraïm aliungama. "Pamoja na mbuzi."